Tusile Mbegu ya Ziwa

Sisi wa Masisi na Walikale tu mbali na bahari. Lakini pale Sake nchi ya Masisi yagusa Ziwa Kivu, na sambaza ni kitoweo cha wengi. Samaki huyu si mwenyeji: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, akazaana, akawa riziki ya maelfu.

Usiku wa giza wavuvi hufunga mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, huwasha taa, na sambaza huifuata nuru mpaka juu ya wavu uliozamishwa. Hiyo ni kazi ya haki. Lakini wako wanaokokota vyandarua karibu na ufuko, mahali ambapo sambaza hutaga na wadogo hukulia. Chandarua hakichagui, huzoa hata walio wembamba kama uzi. Tena mtoto aliyepaswa kulala ndani yake huumwa na mbu, akashikwa na malaria. Kikapu kimoja, hasara mbili!

Twajua njaa ni kali, wala hatumcheki baba atafutaye chakula cha jioni. Lakini hata mkulima mwenye njaa hali mbegu yote. Basi, enyi wazazi, chandarua kirudi kitandani. Nanyi wanafunzi, waelezeni wadogo zenu sababu yake.