UCHAMBUZI: Mfungaji hodari huanza kazi kabla ya kuushika mpira

MECHI ya mpira wa vikapu huchezwa kwa dakika 40, na mpira ni mmoja. Iwapo timu mbili zitaumiliki kwa kiasi sawa, kila moja itakuwa nao kwa dakika 20. Wachezaji watano wakigawana muda huo, kila mmoja atakuwa na mpira mikononi kwa dakika nne pekee. Dakika 36 zinazosalia atazicheza mikono mitupu.

Hesabu hii nyepesi inastahili kuwakosesha usingizi wakufunzi wa Thika na Ruiru. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Ruiru ilikuwa na zaidi ya wakazi 490,000 nayo Thika zaidi ya 250,000. Kati ya miji hiyo, kandokando ya barabara kuu ya Thika, kuna vyuo vikuu vyenye timu za vikapu: Zetech eneo la Ruiru, JKUAT mjini Juja, na Mount Kenya mjini Thika. Kwa kijana wa shule ya upili katika eneo hilo, mchezo huu waweza kumfungulia mlango wa chuo, na wakati mwingine hata wa ng'ambo.

Hata hivyo, ukipita kando ya uga wowote wa saruji jioni, utaona jambo moja likijirudia. Mmoja hudunda mpira, wenzake wanne humtazama. Anayepiga chenga nyingi ndiye anayeshangiliwa, na mara nyingi ndiye anayeteuliwa kwanza.

Si ajabu vijana kuupenda mtindo huo. Taswira inayokumbukwa zaidi katika vikapu vya Kenya katika miaka ya karibuni ni ya Tylor Ongwae, aliyefunga kikapu cha ushindi dhidi ya Angola jijini Yaoundé mnamo Februari 2021. Kenya ilishinda 74-73, kisha ikarejea AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Kikapu kile kilistahili kila sifa. Lakini mechi huwa na vikapu vingi vinavyopatikana kimyakimya kabla ya sekunde ya mwisho kufika, na hivyo ndivyo vinavyoifanya sekunde hiyo iwe na maana.

MFANO KUTOKA RUIRU

Mfano wa karibu zaidi ni Madina Okot. Mchezaji huyo wa kati, mwenye kimo cha futi sita na inchi sita, aliichezea Zetech kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Mississippi State nchini Marekani. Katika msimu wake wa kwanza huko, 2024-25, alikuwa na wastani wa zaidi ya alama 11 na zaidi ya mipira tisa ya kudaka chini ya kikapu katika kila mechi. Mwaka 2025 alihamia South Carolina, timu ya kocha Dawn Staley.

Wengi watasema siri ni kimo. Kimo husaidia, lakini peke yake hakifungi. Mchezaji wa kati hapewi mpira katikati ya uwanja ili audunde hadi kikapuni. Lazima akimbie kumpita mlinzi wake timu inapogeuka kushambulia, ajipenyeze mbele yake, amweke mgongoni, kisha anyooshe mkono mahali ambapo pasi yaweza kufika. Yote hayo huyafanya huku akihesabu moyoni, kwani sheria haimruhusu mshambuliaji kukaa zaidi ya sekunde tatu mfululizo katika eneo lililo chini ya kikapu. Mpira unapomfikia, kazi kubwa huwa imekwisha.

MBINU ZENYEWE

Mbinu ya kwanza ni kukata. Mchezaji asiye na mpira humtazama mlinzi wake, si mpira. Mlinzi anapogeuza kichwa kuangalia mpira ulipo, hata kwa nusu sekunde, mshambuliaji huchomoka nyuma yake kuelekea kikapuni. Kasi pekee haitoshi. Anayekimbia kwa mwendo uleule daima ni rahisi kumfuata. Anayetembea kisha akachomoka ghafla humwacha mlinzi akigeukageuka.

Ya pili ni kizuizi. Mchezaji husimama imara katika njia ya mlinzi ili mwenzake apate nafasi ya kutupa. Sharti awe ametulia mguso unapotokea, la sivyo refa atapuliza faulo. Jambo ambalo vijana wengi hawalifahamu ni kwamba anayeweka kizuizi ndiye anayeweza kufunga: walinzi wawili wakimkimbilia mwenzake, yeye hubaki peke yake na kugeukia kikapu.

Ya tatu ni kujua pa kusimama. Mtupaji hodari akikaa kwenye kona, nje ya mstari wa alama tatu, mlinzi wake hathubutu kumwacha. Hivyo, bila kusogea hata hatua moja, huwa amewafungulia wenzake njia ya katikati. Kinyume chake, wachezaji watatu wakiukimbilia mpira, huwaleta walinzi watatu, na njia huzibwa.

USHAHIDI WA MBALI

Mnamo Desemba 5, 2016, Klay Thompson wa Golden State Warriors alifunga alama 60 dhidi ya Indiana Pacers kwa dakika 29 tu. Katika usiku huo wote aliushika mpira kwa takriban sekunde 90 na kuudunda mara 11. Alama zake zilitokana na kuzunguka vizuizi na kufika mahali akiwa tayari kutupa.

Kwa timu zisizo na nyota, funzo kubwa zaidi lilitolewa Machi 1996. Princeton, chuo ambacho hakikutoa ufadhili wa masomo kwa wanamichezo, kiliwabandua UCLA, mabingwa watetezi wa vyuo vikuu Marekani, kwa 43-41. Kikapu cha ushindi kilitokana na mchezaji aliyekata nyuma ya mlinzi wake na kupokea pasi karibu na kikapu zikiwa zimesalia sekunde chache. Wanyonge waliwashinda wenye nguvu kwa kujua wakati wa kuondoka pale waliposimama.

NINI KIFANYIKE

Faida ya mbinu hizi kwa shule za Thika na Ruiru ni kuwa hazihitaji fedha. Kudunda mpira kunahitaji mpira kwa kila mchezaji, na shule nyingi hazina. Kukata, kuweka kizuizi na kupeana nafasi hufunzwa wachezaji kumi wakiwa na mpira mmoja, na hatua za mwanzo hazihitaji mpira hata kidogo.

Kikwazo kikubwa ni jinsi vipaji vinavyopimwa. Karatasi ya matokeo huandika aliyefunga, na pengine aliyetoa pasi. Aliyeweka kizuizi haandikwi popote. Mradi mambo yawe hivyo, kijana anayetafuta ufadhili ataona heri atupe vibaya kuliko kumfungulia mwenzake. Mkufunzi anaweza kulirekebisha hilo kwa kalamu na daftari, kwa kumpa mchezaji wa akiba jukumu la kuhesabu vizuizi vilivyozaa vikapu na kuyasoma matokeo hayo mbele ya timu nzima.

Aidha, lawama isiwaendee wasio na mpira pekee. Anayekata mara tatu bila kuonwa hatakata mara ya nne. Mwenye mpira asipoinua kichwa, bidii ya wenzake wanne hupotea bure, na baada ya robo moja wote watarudia kusimama na kutazama.

Kutoka ugani Ruiru hadi viwanja vya Marekani, Okot ameonyesha kuwa njia ipo. Wanaomfuata hawatakuwa wote na kimo chake. Lakini dakika 36 zile kila mmoja anazo, na mkufunzi anayeendelea kuwachagua wachezaji kwa kutazama dakika nne pekee huenda anawarudisha nyumbani wafungaji ambao timu yake inawahitaji.