Ukimya Haumlindi Mfanyakazi

Kumweleza mwajiri mipango ya baadaye ya kazi ni jambo ambalo wafanyakazi wengi wa Tanzania na Kenya wamefundishwa kuliogopa. Ushauri unaotolewa kwenye meza za chakula cha mchana, kwenye vikundi vya WhatsApp na hata na wazazi kwa watoto wao wanaoanza kazi ni ule ule: usimwambie bosi kitu mpaka barua ya ajira mpya iwe mkononi. Anayetaka kurudi chuo anyamaze. Anayetaka kuhamia idara nyingine anyamaze. Anayewaza kufungua biashara yake miaka mitatu ijayo, huyo anyamaze zaidi. Wenye ushauri huo hukumbusha kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na ushauri wenyewe umerudiwa hadi ukahesabiwa kuwa busara. Busara hiyo ni ya uongo. Humnyima mfanyakazi mafunzo, cheo na ushahidi atakaouhitaji siku ya mgogoro, na anayenufaika nayo ni mwajiri mzembe, asiyelazimika kupanga lolote kwa ajili ya mtu ambaye hajasema anataka nini.

Imani hii inachanganya mambo matatu. La kwanza ni mwelekeo: mtu anataka kufika wapi katika taaluma yake, iwe ni shahada ya pili, usajili wa bodi, ukuu wa idara au kazi ya nje badala ya kukaa ofisini. La pili ni kutafuta kazi kwingine, yaani maombi aliyokwisha kutuma na usaili alioitiwa. La tatu ni uamuzi wa kuondoka. Uamuzi una utaratibu wake wa kisheria, na kwa wanaolipwa kwa mwezi taarifa ya siku 28 inatajwa na sheria za nchi zote mbili. Kutafuta kazi ni faragha ya mtu, na katika sekta binafsi hakuna sheria inayomtaka mfanyakazi autangazie uongozi kwamba ametuma maombi mahali pengine. Mwelekeo ndio unaopaswa kusemwa mapema na kurudiwa, na ndio unaofichwa kwa hofu inayotokana na yale mawili mengine.

Hofu yenyewe ina historia. Nchini Kenya, kabla ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mwajiri aliweza kuuvunja mkataba kwa kutoa taarifa tu, au kwa kulipa fedha badala ya taarifa, bila kueleza sababu. Mzazi aliyefanya kazi miaka hiyo alikuwa na haki ya kumwonya mwanawe afunge mdomo. Sheria imebadilika, lakini onyo limebaki lilivyokuwa. Leo mwajiri wa Kenya anayemwachisha mtu kazi anatakiwa kuthibitisha sababu yake. Tanzania nayo, kupitia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri aoneshe sababu halali inayotokana na mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, kupatana kwake na mahali pa kazi, au mahitaji ya uendeshaji. Tena mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwajiri, na mgogoro huanzia kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kutamani kusoma si kosa la kinidhamu. Kusema kwamba baada ya miaka michache mtu angependa kazi ya aina nyingine si kosa pia.

Kweli, sheria haiondoi chuki. Bosi mwenye kinyongo anaweza kumnyima mtu safari za kikazi, kumruka kwenye semina na kumpa kazi zisizo na sifa. Lakini hayo hayo humpata mfanyakazi aliyenyamaza, tena humpata bila yeye kujua sababu, kwa kuwa hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba aliwahi kuomba chochote. Aliyeomba mafunzo kwa barua, akajibiwa au akapuuzwa, ana karatasi ya kuonesha.

Udhaifu wa ushauri wa ukimya unaonekana wazi zaidi katika utumishi wa umma wa Tanzania. Nafasi za watumishi, yaani ikama, hupangwa pamoja na bajeti, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Chukua mwalimu wa shule ya msingi mwenye astashahada ambaye amejiunga kimya kimya na Chuo Kikuu Huria, akasoma usiku na wakati wa likizo, akalipa ada kutoka mfukoni mwake. Siku ya kuhitimu anapeleka cheti halmashauri akiomba kubadilishiwa muundo wa utumishi. Jibu analopewa ni kwamba hakuwa na ruhusa ya masomo, hayumo kwenye mpango wa mafunzo, na nafasi ya kiwango chake kipya haikuombewa fedha. Afisa utumishi anayetoa jibu hilo huenda hana ubaya wowote. Hakuna aliyemweleza kwa wakati kwamba mtu huyo yuko njiani, na mwaka mzima unapita, pengine zaidi, mwalimu akifundisha kwa mshahara wa cheti cha zamani. Miongoni mwa walimu na wauguzi kisa cha namna hii hakishangazi mtu, na jinsi kilivyozoeleka ni jambo la kusikitisha.

Katika utumishi huo huo usiri wa moja kwa moja hauwezekani hata kwa anayetaka kazi nyingine serikalini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yamekuwa yakirudia sharti kwamba mtumishi aliyepata sifa za kuingia kada tofauti na aliyo nayo apitishe barua yake ya maombi kwa mwajiri wake. Mwajiri lazima ajue. Kilichobaki mikononi mwa mtumishi ni namna atakavyojua: katika mazungumzo ya miezi iliyotangulia, au kwa barua inayotua mezani bila salamu, siku mbili kabla ya tangazo kufungwa.

Taaluma zenye bodi zina sharti la aina hiyo hiyo. Mhandisi mhitimu anayefuata mpango wa mafunzo kwa vitendo wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania huchukua miaka mitatu chini ya usimamizi kabla ya kuandikishwa kuwa mhandisi mtaalamu. Miaka hiyo huwa na maana pale tu mahali pa kazi panapompa kazi za kihandisi zinazostahili kurekodiwa, na mhandisi mwandamizi wa kumsimamia. Asiyesema kwamba anataka usajili hupewa kazi yoyote iliyopo. Atasimamia magari ya mradi, ataandika hati za manunuzi, na miaka mitatu itakwisha daftari lake likiwa jeupe. Mhasibu anayesomea CPA kwa siri naye atajikuta amepangiwa kufunga hesabu za mwaka wiki ile ile ya mitihani. Akilalamika ataonekana mzembe, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba ana mtihani.

Nchini Kenya kuna hoja ya fedha inayosahaulika. Waajiri hulipa tozo ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na mwajiri aliyegharimia mafunzo yanayokubalika anaweza kudai arudishiwe gharama kutoka Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani. Fedha hizo zimekwisha kutoka kwenye hesabu za kampuni, hata kama hakuna mfanyakazi aliyesoma chochote. Mfanyakazi anayekwenda kwa meneja wake na jina la kozi, muda wake na gharama yake anaomba sehemu ya kitu ambacho tayari kinalipiwa kwa idadi ya vichwa, na chake kimo.

Watetezi wa ukimya hutaja mikataba ya muda maalumu, wakidhani hapo ndipo hoja yao ilipo imara. Ukweli ni kinyume. Kwa kawaida mkataba wa namna hiyo hufa wenyewe muda wake unapokwisha. Chini ya sheria ya Tanzania, mfanyakazi ambaye mkataba wake haukuhuishwa anaweza kudai kwamba ameachishwa kazi ikiwa alikuwa na matarajio ya msingi ya kuhuishiwa, na matarajio hayo hutokana na mambo kama mikataba iliyotangulia kuhuishwa au ahadi aliyopewa na mwajiri. Ahadi haiwezi kutolewa kwa mtu ambaye hajawahi kuuliza. Mtumishi wa shirika anayeuliza kwa barua pepe, miezi minne kabla ya ukomo, kama nafasi yake itaendelea na anaweza kutarajia nini, anajenga ushahidi. Mwenzake anayesubiri kimya akitumaini kwamba kazi nzuri itajisemea huambulia barua ya kushukuriwa. Kinyume chake nacho kizingatiwe: anayetamka kwamba hana nia ya kuendelea ameyaua matarajio yake kwa maneno yake mwenyewe, kwa hiyo tamko la namna hiyo lisitolewe kwa hasira kikaoni.

Ziko hali ambazo kunyamaza ni haki kabisa, na ni vema zitajwe ili zisitumiwe kuhalalisha ukimya wa kila mahali. Mfanyakazi wa Tanzania ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake hana ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki, kwa hiyo kipindi hicho ni cha kujifunza kazi. Mipango ya mbali ingoje. Hali ngumu zaidi ni ya Waafrika Mashariki walioko Ghuba. Nchini Oman, hadi mwisho wa mwaka 2020, mgeni aliyetaka kuhamia kwa mwajiri mwingine alihitaji cheti cha kutopingwa kutoka kwa mwajiri aliye naye, na sharti hilo liliondolewa Januari 2021. Hata bila sharti hilo, msichana wa kazi za ndani anayeishi kwa tajiri wake, ambaye pasipoti yake imeshikwa, hana sababu ya kumwambia mwenye nyumba ndoto zake, wala hakuna anayestahili kumlaumu kwa kunyamaza. Lakini kuichukua hekima ya mtu aliyebanwa hivyo na kuipeleka kwa ofisa wa benki wa Posta jijini Dar es Salaam au Upper Hill jijini Nairobi, mwenye mkataba, chama cha wafanyakazi na tume ya kumsikiliza, ni kumfundisha mtu huru tabia za asiye huru.

Mahali pa kawaida pa mazungumzo haya ni kikao cha tathmini ya mwaka, na ndipo yanapoharibiwa. Fomu huuliza mtu anajiona wapi baada ya miaka mitano. Karibu kila mmoja hujibu kwamba ataendelea kuitumikia taasisi kwa bidii. Meneja anajua jibu hilo halina kitu, aliyelitoa anajua pia, na wote wawili wanatia saini. Jibu lenye manufaa linataja jambo moja ambalo taasisi inaweza kulitenda: muda wa kusoma, kuhamishiwa kitengo fulani, mradi wa kuongoza, mtu wa kujifunza kwake. Lielekezwe kwanza kwa msimamizi wa karibu, kwa sababu likipita juu yake litaonekana kuwa mashtaka. Lisemwe kabla bajeti haijafungwa. Baada ya kikao liandikwe, hata kwa mistari mitatu ya barua pepe inayoanza kwa shukrani, kwani meneja huhama na kumbukumbu ya mazungumzo huondoka naye. Na mtu asilazimike kusema uongo kuhusu maombi aliyotuma kwingine. Swali hilo likiulizwa, anaweza kurudi kwenye yale anayotaka kuyafanya hapo alipo.

Waajiri nao wana sehemu kubwa ya lawama, tena wana imani yao inayofanana na hii: kwamba anayetaja kesho amekwisha kuondoka moyoni. Meneja anayemfuta kwenye orodha ya semina mtu aliyesema anataka kusoma hujiona amelinda fedha za kampuni. Alichofanya ni kuifundisha idara nzima kumdanganya, na kuanzia siku hiyo atajua habari za watu wake kupitia majungu. Hofu ya kumsomesha mtu kisha akahama ina dawa inayotumika miaka mingi katika utumishi wa umma, nayo ni mkataba wa kurudi kutumikia kwa muda uliokubaliwa. Mwajiri anayeufahamu mkataba huo hana udhuru wa kuogopa mazungumzo.

Wanaosema kwamba ukimya hauna gharama kwa anayeondoka huzitazama siku 28 za taarifa kana kwamba zinamaliza kila deni. Ndani ya siku hizo mrithi hapatikani, kazi zinagawiwa wenzake waliobaki, na makabidhiano yanafanywa mbio mbio. Sheria za Tanzania na Kenya zinamlazimu mwajiri kumpa anayeondoka cheti cha utumishi, lakini cheti hicho kinathibitisha tu alikuwa nani hapo na kwa muda gani. Kuhusu tabia na uhodari wake, sheria ya Kenya inasema waziwazi kwamba mwajiri halazimiki kumwandikia neno lolote. Mdhamini anayetajwa mwishoni mwa wasifu wa kazi, ambaye mwajiri mpya humpigia simu, ni yule yule bosi aliyepata habari za kuondoka kutoka kwenye barua.