2010 inaisha: wetu wa chini ya udongo, nani anawahesabu?

Mwaka uko karibu kuisha, na kila mutu anasema vile aliuona. Sisi tutaongea juu ya habari zilizotufikia, juu ya misaada, na juu ya mchezo. Tutaanza na mchezo, ju hatuwezi kufanya ingine. Siku kumi zimepita nyuma ya ile finale ya Abu Dhabi, na ukipita leo Kamalondo ao Kenya, batoto bangali wanaruka matako chini sawa Kidiaba.

Mambo yenyewe munayajua, lakini ni matamu kuyarudilia. Tarehe 31 ya mwezi wa 10, pale kiwanja cha Kibassa Maliba, Mazembe ilipiga Espérance ya Tunis 5-0. Kule Tunis ikatoka 1-1, na kombe la Afrika likabaki Lubumbashi mwaka wa pili mfululizo. Kisha Abu Dhabi: Pachuca ya Mexico 1-0, goli ya Bedi. Internacional ya Brazil 2-0, Kabangu na Kaluyituka. Ile siku hata wazee wenye magonjwa ya miguu walitoka inje. Tarehe 18 Inter ya Milan ikatufunga 3-0, na hakuna aliyelia sana, ju mbele ya Mazembe hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika kwenye finale ya kombe lile. Zilikuwa za Ulaya na za Amerika ya Kusini tu.

Sasa mwite mtoto wa miaka saba ndani ya kiwanja chenu, mwambie akutajie wachezaji. Atawataja wote kumi na mmoja, atapita kwa wale wa banki, ataongeza hata Mputu ambaye FIFA ilimukataza kucheza mwaka muzima. Atakuambia nani ni wa Zambia na nani ni wa kwetu. Hilo linatufurahisha. Na linatuuma pia, tutaeleza ju ya nini.

Mwezi ule ule wa 10, siku kumi na nane mbele ya zile goli tano, tulikuwa tena mbele ya televizio, lakini kwa jambo lingine. Asubuhi mapema ya tarehe 13 wachimbaji wa kule Chile walianza kutoka chini. Sisi watu wa shaba tuliwaangalia kwa macho yetu, hapana kwa macho ya Paris wala ya Kinshasa. Chile njo inchi inayotoa shaba kupita inchi zote. Mine yao, San José, karibu na mji wa Copiapó, ilianguka tarehe 5 ya mwezi wa 8. Siku 17 nzima hakukuwa sauti. Juu walikuwa wanatoboa na mashini, bila kujua kama wanatafuta watu ao wanatafuta maiti. Tarehe 22, mashini ikapandisha kakaratasi kadogo kamefungwa kwenye chuma: tuko wazima, sisi wote 33. Tangu mine kuanguka mpaka siku ya kutoka, ilikuwa siku 69 kwa jumla, karibu metre 700 chini ya udongo.

Wazee wetu waliofanya kazi chini kule Kipushi na Kamoto hawakushangaa sana na ile kapsule yenye ilikuwa inawapandisha mumoja mumoja. Walishangaa na mukubwa wa poste, Luis Urzúa. Chakula kilikuwa cha siku mbili, yeye akakigawa: vijiko viwili vya samaki ya kopo kwa kila mutu, kisha kungoja siku mbili nzima. Akatoka wa mwisho. «Ule ni chef», mzee mumoja wa Kipushi alituambia, na hakuongeza neno.

Lakini sisi tulishikwa na jambo dogo kupita hilo. Mbele mashini hata moja haijafika, watu wa juu walijua ni 33. Walijua 32 ni wa Chile na mumoja ni wa Bolivia. Walijua nani ana bibi, nani ana mama, nani aitwe aje kungojea pale kwenye kambi ya mahema. Ju ya nini? Ju majina yao yalikuwa yameandikwa. Kama ile karatasi ya pwentaji isingekuwako, nani angelipa mashini za kutoboa siku 17 kutafuta watu asiojua kama wako?

Na musifikiri kule ni paradizo. Mine ile ilikuwa imefungwa mu 2007 nyuma ya kifo, kisha ikafunguliwa tena. Ndani ya shimo la hewa kulitakiwa ngazi ya kukimbilia, na ngazi haikuwekwa. Tajiri mubaya haishi kwetu peke. Tofauti ni kwamba kule tajiri mubaya alikuwa na lisiti ya majina.

Sasa turudi huku. Wakati wa Union Minière, na nyuma yake Gécamines, mutu alikuwa na matrikile. Baba zetu wengine walikufa wakiikumbuka vizuri kuliko mwaka wa kuzaliwa kwao. Mwenye kushuka chini alichukua lampe na kuacha jetoni. Jioni jetoni ikibaki peke yake pale ubaoni, watu wanajua kuna mutu hajapanda. Ilikuwa kazi ya wakoloni na ya nidhamu ya chuma, hatuisifu yote. Lakini jetoni ilikuwa inasema. Kisha mu 2003 watu zaidi ya 10,000 wakatolewa Gécamines na ile mipango waliyoiita «kutoka kwa mapenzi», na watoto wa wengi wao njo wako leo ndani ya mashimo na shoka, mfuko na toshi ya kufunga kwenye kichwa.

Wakati shimo inaanguka, na munajua zinaanguka sana sana kuanzia mwezi wa 11 ju ya mvua, maneno ya kwanza pale juu ni yale yale. «Beko bangapi mule?» Mumoja anasema sita. Mwengine anasema munane, ju aliona wale wawili wa Malemba walipita na mifuko. Mwengine anasema wale wawili walitoka, walienda kunywa maji. Wanaanza kuchimba na mikono. Wakipata sita, je, waache? Wakipata wanne, je, waendelee mpaka lini? Na mama mumoja kule Manono ao kule Kasai anaendelea kufikiri mtoto wake anatafuta pesa Kolwezi na amesahau kupiga simu.

Mwaka huu tumeona pia vile hesabu inakosa kwenye barabara. Tarehe 2 ya mwezi wa 7, kule Sange, njia ya Uvira, kamio ya mafuta ilianguka. Watu wakaja kuchota, moto ukashika, na ukaingia mpaka ndani ya nyumba za video ambamo wengine walikuwa wanaangalia kombe la dunia, hawakuchota hata tone. Zaidi ya 230 walikufa. Helikoptere za ONU zilibeba walioungua, madawa yalifika. Lakini wengi wa wafu walizikwa pamoja ju hakuna aliyeweza kuwatambua. «Zaidi ya»: hayo maneno mawili yanabeba watu, na hatupendi kuyazoea.

Mwezi mumoja mbele yake, Floribert Chebeya wa Voix des Sans-Voix alikutwa amekufa ndani ya motokari yake, pembeni ya Kinshasa. Dereva wake Fidèle Bazana hajaonekana mpaka leo. Lakini watu wanaendelea kuuliza: Bazana iko wapi? Wanaweza kuuliza ju wana jina la kuulizia. Mutu bila jina, hata swali lake halipatikani.

Juu ya misaada tutasema mafupi, lakini tutasema wazi. Nyuma ya tetemeko la udongo la Haiti, tarehe 12 ya mwezi wa kwanza, serikali yetu ilitangaza kutoa dola 2,500,000. Watu wengi walikasirika: walimu hawalipwe, na sisi tunatumia Haiti pesa! Sisi hatukuwa upande wa wale waliokasirika. Wazee waliosoma mu miaka ya 60 wanakumbuka vizuri nani alikuja kushika chaki wakati Wabeleji walikimbia. Walikuwa wengi watu wa Haiti, walimu na waganga, na walikuja wakati hakuna aliyependa kuja. Mwenye alikusaidia na mashamba yako yakiungua, haumupigie hesabu ya gunia.

Tunachotaka ni kingine, na bamama wetu wanakijua vizuri kuliko minista yeyote. Kwenye kilio, pale mlangoni kunakaa mutu na kaye. Unatoa franka 500, wanaandika jina lako na franka 500. Unatoa 5,000, wanaandika 5,000. Nyuma ya kuzika, mukubwa wa jamaa anasimama: iliingia hivi, sanduku hivi, motokari hivi, imebaki hivi. Hata kama imebaki franka 200, inasomwa. Mutu akijaribu kurukia mustari, shangazi mumoja atapiga kelele. Ile ni charité inayoeleweka. Tarehe 1 ya mwezi wa 7 walitutangazia ya kwamba deni ya inchi imefutwa, dola miliari 12.3. Tunashukuru. Tungependa shangazi mumoja awe pale wanaposoma hiyo kaye.

Na shaba? Mwisho wa 2008 tani ilishuka chini ya dola 3,000, makampuni yalifunga milango, na munakumbuka ile Noeli. Mwezi huu imepita 9,000. Hatutasema pesa haiko.

Kuna habari nyingine ya wachimbaji. Mwezi wa 7 Obama alitia sahihi sheria yenye kipande juu ya madini ya Kongo: makampuni ya Marekani yatapashwa kueleza kama kasiterite, koltani, volfram na oro wanazotumia zinatoka huku ao kwa majirani. Mwezi wa 9 raisi wetu akasimamisha kuchimba kwa mikono mu Kivu zote mbili na Maniema. Shaba na kobalti hazimo. Lakini angalia vizuri ile sheria: inataka kujua safari ya mfuko. Hata kwetu, ukifika kwenye depo, mfuko unapimwa kilo, unaangaliwa ubora, unaandikwa kwenye kaye ya munegosha. Mfuko ukipotea kati ya shimo na depo, watu wako tayari kupigana. Mutu akipotea kati ya asubuhi na jioni ndani ya shimo lile lile, wanaanza kubishana: walikuwa sita ao munane?

Kwa hiyo tunaomba kaye. Kila shimo na kaye yake: jina la kweli, hapana Rambo wala Commando wala Doigt d'Or, ju mama ya Manono hajui Rambo ni nani. Jina la baba, kijiji, na namba ya simu ya mutu mumoja wa nyumbani. Ukishuka, alama. Ukipanda, alama. Kaye inauzwa soko lolote, bei yake haifike ya bia moja.

Tunajua vile watajibu. PDG wa shimo atasema hapana, ju shimo ikianguka na majina yako pale, jamaa zitakuja kwake kuomba sanduku na haki ya mutu wao. Anaogopa na yuko na sababu. Wachimbaji wengine nao watasema hapana: wanaingia usiku kwenye konsesio ya watu, na kaye mbele ya polisi wa mine ni sawa kujiandikia kifungo. Hata ile karte ya muchimbaji inayotakiwa na Code Minier ya 2002, wengi hawana. Kwa hiyo kaye isikae kwa PDG, na isikae kwa polisi.

Ikae kwa mama anayeuza bukari. Kwenye mashimo mengi yuko, pembeni kidogo, na sufuria yake, maharagwe na sambaza. Na ukimuuliza polepole, atakuonyesha kaye, ju wachimbaji wanakulaka kwa deni mpaka siku ya kuuza mawe. Ndani mule kuna nani alikula leo, nani hakuja, nani iko na deni tangu juma mbili, na kwa wengine hata jina la nyumbani, ju mama hamukopeshe Rambo. Anakopesha mtoto wa fulani wa kijiji fulani. Hakuna ofisi yoyote yenye lisiti nzuri sawa ile. Inakosa tu mistari miwili: saa ya kushuka na namba ya simu.

Mvua zimeanza. Kabla mwezi wa kwanza haujafika, wenye kwenda Luisha, Kolwezi, Kamatanda, mupelekee bamama wale kaye mpya na biki mbili, ju moja italowana.