Karkade ya Sukari: Pambo la Vitindamlo

Keki ya harusi au pudini ya sikukuu hupendeza zaidi ikipambwa kwa ua. Hata hivyo, ua linalowekwa juu ya chakula sharti nalo liwe chakula. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ua la oleanda huvutia bustanini, kumbe lina sumu ivurugayo mapigo ya moyo. La mnanaha, lenye umbo la tarumbeta, humfanya alaye aweweseke na kuona yasiyokuwapo. Mtoto mdogo hajui kutenga pambo na tamu. Aonalo juu ya keki hulitia kinywani.

Mama wa Juba ana ua lake la salama. Katika masoko ya mji huo, kama vile Konyokonyo, huuzwa karkade, ambayo Tanzania huitwa choya au rozela. Kiliwacho hasa ni vile vifuniko vyekundu, vinene, vinavyozunguka tumba la mbegu baada ya petali kuanguka. Wengi huvijua kwa kinywaji tu. Lakini vikipikwa katika sukari huwa pambo jekundu, lenye uchachu wa kupendeza.

Katika nchi za baridi, wapishi hupaka petali ute wa yai bichi na kuzinyunyizia sukari. Njia hiyo hatuipendekezi, kwani yai bichi laweza kubeba vijidudu viletavyo maradhi ya tumbo, hatari zaidi kwa watoto, wajawazito na wazee.

MAHITAJI
Karkade mbichi gramu 250
Sukari gramu 250, na nyingine kidogo ya kugaragazia
Maji kikombe kimoja

JINSI YA KUTENGENEZA
1. Osha karkade. Kata kitako cha kila moja, kisha sukuma tumba la mbegu litoke, kifuniko kibaki kizima kama kikombe kidogo.
2. Chemsha maji na sukari mpaka sukari iyeyuke. Usitumie sufuria ya aluminiamu, maana uchachu wa karkade huila. Tumia ya enameli au ya chuma kisichoshika kutu.
3. Tia karkade, upike kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20, mpaka zilainike bila kupondeka. Funika, uziache katika shira usiku kucha.
4. Asubuhi zipashe moto dakika chache, zichuje, uzipange juu ya chekeche. Zifunike kwa shashi kuzuia nzi, uzianike juani siku mbili, ama uzitie katika joko lenye moto hafifu kwa saa chache. Zikiwa hazilowani tena bali zanata kidogo, zigaragaze katika sukari.

Ukikosa mbichi, chagua kavu zilizo nzima, gramu 50 hivi, uziloweke katika maji ya vuguvugu nusu saa. Maji hayo hayo yapikie shira. Shira inayobaki usiimwage: imiminie juu ya basbusa, au izimue kwa maji baridi upate kinywaji.

Hifadhi karkade katika chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana. Wakati wa mvua, ambao Juba huanza yapata Aprili na kuendelea hadi Oktoba, unyevu wa hewa huyeyusha sukari upesi; basi fungua chupa pale tu unapohitaji. Pamba keki karibu na wakati wa kuandaa, la sivyo wekundu utachuruzika katika krimu.

Ukitamani kuongeza petali za waridi, chuma za mti ulioupanda mwenyewe bila dawa ya wadudu. Maua ya kununuliwa kwa kupamba nyumba huenda yalinyunyiziwa dawa hiyo, na maji hayatoshi kuiondoa yote. Na ua usilolijua, liache bustanini. Mtoto akila ua la namna hiyo, mpeleke hospitali mara moja, nawe uchukue kitawi chake ili daktari alitambue.