Umbo la Chupa Nalo Ni Jina

Basi likisimama Mikumi, abiria hana muda wa kusoma lebo. Chupa za asali zinainuliwa hadi dirishani, mkono unatoka na noti, dereva anapiga honi, safari ya Iringa inaendelea. Mnunuzi amechagua kwa jicho: chupa ile fupi yenye kiuno, aliyoinunua safari iliyopita akakuta asali isiyochakachuliwa. Kwake, umbo hilo ndilo jina la mzalishaji.

Sheria ya Tanzania haijafika hapo. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura ya 326, ya mwaka 1986, inataja neno, jina, lebo, saini, herufi, namba na mhuri. Umbo la chupa au kifungashio haikulitaja. Mfugaji nyuki wa Kilosa anaweza kusajili jina lililobandikwa kwenye chupa kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni. Chupa yenyewe ikiigwa, itambidi athibitishe mahakamani kwamba wateja wanaijua na wamepotoshwa. Hiyo ni kesi ya mwenye wakili, si ya mwenye mizinga 20.

Mwaka huohuo wa 1986, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliinyima Coca-Cola usajili wa chupa yake, iliyobuniwa mwaka 1915 ili itambulike hata kwa kupapasa gizani. Waingereza walibadili sheria yao mwaka 1994. Kenya nayo imeandika wazi kwamba alama yaweza kuwa ya pande tatu. Sisi bado tuna orodha ileile.

Bunge liongeze neno "umbo", na liweke mpaka. Dumu la lita 5 ni la wote: kishikio chake kipo ili libebeke, na hakuna anayestahili kukihodhi. Kilindwe kile tu kinachomtambulisha mwenye bidhaa.

Wazalishaji nao wana la kufanya. Asali nyingi ya barabarani bado imo katika chupa zilizokwishatumika za maji na pombe, na anayejaza asali yake katika chupa ya mwingine anamjengea jina huyo mwingine. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na BRELA wawafuate Kilosa na Mikumi, wakae na vikundi: kila kikundi kiwe na chupa yake, na jina lisajiliwe sasa, kwa miaka 7 ya mwanzo. Sheria itakaporekebishwa, iwakute tayari wana umbo la kulindwa.