Jiografia si Kimbilio la Walioshindwa Sayansi

Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, wazazi wa Arua na Koboko hukaa chini na watoto wao kupanga masomo ya Kidato cha Tano, na hukumu huwa ile ile. Aliyepata alama nzuri anapelekwa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) au PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu), kwa kuwa huko ndiko wanakotoka madaktari na wahandisi. Aliyeteleza kwenye Fizikia anaambiwa kwa sauti ya kuliwaza: "Basi, soma HEG." Historia, Uchumi, Jiografia. Mtoto anaingia darasani akiwa tayari ameamini kwamba amepewa somo la pole, somo la kukariri majina ya milima na mito, ambalo mwisho wake ni kukosa kazi.

Imani hiyo si kweli popote, lakini huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, inaumiza zaidi.

Tuanze na hilo la kukariri. Katika UACE, mtihani wa kumaliza Kidato cha Sita, mtahiniwa wa Jiografia huwekewa mezani kipande cha ramani ya skeli ya 1:50,000, ambapo sentimita mbili ni kilomita moja ardhini. Akitakiwa kuchora umbo la nchi kati ya vilima viwili, hulaza ukingo wa karatasi juu ya ramani, akatia alama kila mahali kontua inapokatiza, akaandika mwinuko wake, kisha akahamishia alama hizo kwenye grafu na kuziunganisha kwa mkono mpaka bonde lijitokeze. Baada ya hapo lazima aeleze kwa nini watu wamejenga upande huu wa bonde na si ule. Hakuna daftari la kukariri litakalomwokoa hapo. Anahitaji hesabu, jicho na akili.

Sasa twende Vurra, mwendo mfupi kutoka Arua mjini. Mpaka wa Uganda na Kongo katika sehemu hizi haukuchorwa kwa rula. Unafuata mgongo wa ardhi unaogawa maji ya mito miwili mikubwa ya Afrika. Mvua inayonyesha magharibi ya mgongo huo hushuka hadi mto Kibali, ikaingia Uele, Ubangi, halafu Kongo, na safari yake ikaishia bahari ya Atlantiki. Inayonyesha mashariki huingia Nile na kwenda Mediterania. Mgongo huo unapanda kaskazini hadi Salia Musala, wilayani Koboko, ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana. Watoto wa huku wamezaliwa juu ya mojawapo ya mipaka ya maji mikubwa duniani, na bado wanaambiwa kwamba somo linaloieleza ni la waliofeli.

Lakini mfano mzito kuliko yote ni maji ya kunywa. Agosti 2016, vita vya Sudan Kusini vilipopamba moto upya, kambi ya wakimbizi ya Bidibidi ilifunguliwa Yumbe, jirani na Koboko, na katika miezi michache ikawa na zaidi ya watu 200,000. Maji yaliletwa kwa malori, kwa gharama kubwa, wakati mitambo ikitafuta pa kuchimba. Sehemu kubwa ya West Nile imekaa juu ya miamba mikongwe na migumu. Maji ya ardhini hayakutandaa kila mahali; hujificha kwenye tabaka la mwamba uliooza na ndani ya nyufa. Ukikosea mahali, unachimba kisima kikavu na fedha zimekwenda. Kuoza kwa miamba, nyufa, mteremko na njia za maji ni mada za Jiografia ya Kidato cha Tano na cha Sita, kabisa. Kambi nyingine za wakimbizi, Rhino Camp, Imvepi na Lobule, nazo zimehitaji watu wa kusoma ramani, wa kujua viwanja vipimwe wapi, kuni zitatoka wapi, na misitu ambayo mabani ya kukaushia tumbaku yalikwisha kuila itarudi vipi. Mtu anayesema somo hili halina kazi hajatazama kazi inayofanyika mlangoni pake.

Wenye kulidharau somo wana hoja moja ya kweli: madarasa mengi hulifundisha kwa imla. Mwalimu anasoma, wanafunzi wanaandika, na mwaka unaisha bila mtu kutoka nje. Hilo ni kosa la ufundishaji, na serikali imelichochea. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku mwenzake wa masomo ya sanaa akibaki kwenye takriban milioni 1. Walimu waligoma Juni mwaka huo. Mwalimu wa Jiografia, anayefundisha mvua, miamba na takwimu, alihesabiwa upande wa sanaa. Ni dhuluma, na wanafunzi wanaielewa vizuri kuliko tunavyodhani.

Ajabu ni kwamba taasisi za nchi yenyewe haziamini mgawanyo huo. Makerere imeweka idara yake ya Jiografia katika Chuo cha Sayansi za Kilimo na Mazingira, pamoja na masomo ya hali ya hewa. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, umeifanya Jiografia kuwa ya lazima hadi Kidato cha Nne, bega kwa bega na Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kijana analisoma miaka minne kama somo la msingi, halafu likizo moja inatosha kuligeuza kuwa la walioshindwa.

Wakuu wa shule wanaweza kuanza kurekebisha hili muhula ujao bila kusubiri Kampala. Wampe mwanafunzi hodari wa Hesabu nafasi ya kuchukua MEG (Hesabu, Uchumi, Jiografia), na wa Baiolojia nafasi ya BAG (Baiolojia, Kilimo, Jiografia), badala ya kumsukumia kila mwenye alama nzuri kwenye PCB. Na wawatoe wanafunzi nje. Mto Enyau, ambao Arua imeutegemea kwa maji ya bomba, unapita pembeni mwa mji. Kupima upana wake, kasi yake na udongo unaomomonyoka kingoni kunahitaji futi kamba, saa na daftari, na shule kadhaa zinaweza kuufikia kwa miguu.