Mwanetu na Vitabu vya Hesabu



Kina mama kadhaa wametuuliza, kila mmoja kwa wakati wake, swali lile lile: je, binti anayesomea uhasibu apelekwe Nairobi kwa uanagenzi, au atafutiwe nafasi papa hapa Mombasa, hata ikiwa ni ya kuketi dukani kwa ami yake? Hatuna fatwa ya kuwapa. Tunayo habari ya mwanetu mmoja, mtoto wa dada yetu, aliyerejea juzi baada ya miezi mitatu katika ofisi ndogo ya wakaguzi wa hesabu huko Westlands, naye ameturuhusu tuisimulie pasi na kumtaja jina.

Alisafiri kwa gari la moshi pamoja na kakake hadi Syokimau. Mama mdogo wake, akaaye Kawangware, alimpokea, na hilo ndilo lililomtuliza mamake kuliko jingine lolote. PwC, Deloitte na KPMG wana ofisi zao kubwa kandokando ya Barabara ya Waiyaki. Ofisi yake yeye ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la dawa. Mshahara haukuwapo. Alipewa nauli tu, tena mwisho wa mwezi. Kabla ya kuanza alitakiwa barua ya chuo, bima ya ajali, na daftari la kazi ambalo msimamizi hulitia sahihi kila wiki na mwalimu wa chuo huja kulikagua. Twayataja haya kwa kuwa wazazi wengi huyagundua mtoto akiwa amekwisha kufika mlangoni.

Majuma mawili ya kwanza alipanga vocha na ankara kwa tarehe. Kisha akafundishwa kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, mstari kwa mstari: hundi zisizopita bado, ada ambazo benki imezikata pasi na mwenye mali kutambua. Siku moja hesabu ilikataa kwa shilingi 90. Aliitafuta tangu asubuhi hadi alasiri, machozi yakimlengalenga. Msimamizi wake, mama mmoja wa makamo, akamwambia: tofauti ikigawanyika kwa tisa, tafuta tarakimu zilizopinduliwa. Akaziona: 4,560 mahali pa 4,650. Alipotusimulia haya alicheka kama aliyeokota pete. Alijifunza pia kuihesabu miezi kwa siku za KRA, tarehe 9 kwa kodi ya mishahara na tarehe 20 kwa VAT, siku ambazo ofisi nzima hula chakula cha mchana imesimama.

Kuhusu sala, dhana ya wengi ni kwamba mjini haiwezekani. Nairobi adhuhuri haihamihami sana. Huingia kabla ya saa saba mwaka mzima, na mapumziko ya mchana huifunika. Alipotumwa katikati ya jiji alikwenda Msikiti wa Jamia, hatua chache kutoka Soko la Jiji, msikiti uliojengwa kati ya 1925 na 1933. Alasiri ndiyo iliyohitaji ruhusa, nayo aliiomba siku ya pili, akapewa pembe ya chumba cha mafaili. Magharibi za siku za kazi nyingi zilimtaabisha zaidi, kwani matatu za kurudi Kawangware hazimngoji mtu.

Mtihani wenyewe ulikuja mwezi wa pili. Mteja mmoja, muuzaji wa jumla wa mjini, alikuwa na ovadrafti benki, na mwanetu akaambiwa akokotoe riba ya mwaka mzima ili ionekane kama benki imetoza sawasawa. Alikuwa akiijua hadithi iliyopokewa na Jabir, kwamba laana ya riba humfikia na aiandikaye. Usiku ule hakulala. Mamake alisema kwa simu, "Rudi nyumbani mwanangu, riziki haiko kwa mtu." Babake akasema auliziwe mwanachuoni kwanza.

Mwanachuoni yule alimuuliza maswali mengi kabla ya kujibu. Je, wewe ndiwe uandikaye mkataba wa mkopo? Ndiwe shahidi wake? Akamweleza kwamba wapo maulamaa wanaokataza kila kazi iigusayo riba, na wapo wanaomtofautisha aufungaye mkataba na akaguaye jambo lililokwisha kupita ili mtu asidhulumiwe. Akamshauri aombe kazi nyingine maadamu njia ipo, na aeleze sababu yake kwa ukweli, asijisingizie maradhi.

Alieleza. Msimamizi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mbona hukuniambia siku ya kwanza?" Akampa orodha ya mishahara aihakiki. Lakini faili lile alipewa mwanagenzi mwenziwe, na kwa faili lile mwenziwe akapata safari ya kuhesabu shehena ghalani, kazi ambayo mwanetu alikuwa akiitamani tangu afike. Hatufichi kwamba ilimuuma, na sisi twaona haki yake kuumwa.

Hata hivyo hatukubaliani na wasemao kuwa uhasibu si kazi yetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandika deni, mwandishi muadilifu na mashahidi. Tangu 2008 nchi yetu ina benki zinazofuata sharia, na iko taasisi ya AAOIFI, yenye makao Bahrain, iandaayo viwango vya hesabu za namna hiyo. Vitabu hivyo navyo vinangoja wa kuvikagua, na hawezi kuvikagua asiyepitia kwanza vumbi la vocha.

Daftari lake la kazi limetiwa sahihi zote. Amejiandikisha kwa mitihani ya CPA ya KASNEB, na ofisi ile imemwita arudi Januari, msimu wa ukaguzi unapoanza, safari hii kwa mshahara mdogo. Babake amekubali. Mamake asema atamjibu baada ya kusali istikhara, na hadi tunapoandika tikiti ya gari la moshi haijanunuliwa.